Aingiaye Mzima Asitoke Mgonjwa

Mtu mgonjwa akija hospitali, anajua sababu ya kuja. Ana homa, au mguu umevimba, au mtoto anaharisha. Anataka kupona. Lakini wako watu wengi wanaoingia mlango wa mganga bila ugonjwa wo wote. Huyu ameahidiwa kazi mgodini, naye ameambiwa alete cheti cha afya. Yule ni dereva wa lori, atavuka mpaka wa Kasumbalesa, naye ameambiwa alete karatasi ya manjano. Mwingine ametoka nchi ya mbali kuja kufanya kazi kwetu miezi sita, naye anataka dawa ya kujikinga na malaria. Hawa hawakuja kutafuta uzima, maana uzima wanao. Wamekuja kutafuta ulinzi, na mara nyingi wamekuja kutafuta karatasi tu.

Kwa watu kama hawa kuna kliniki za namna ya peke yake. Si hospitali kubwa zenye vitanda. Ni nyumba za wasafiri na wafanyakazi: hupima damu, macho, masikio na mapafu, huchanja, na kutoa vyeti. Nyingine ni za serikali, nyingine za kampuni, na nyingine zinajitegemea, zikilipwa na ye yote anayezipelekea watu.

Katika Haut-Katanga tunazihitaji sana. Ukitoka Lubumbashi kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita 30 hivi, utafika Kinsevere, kwenye mgodi wa shaba wa wazi. Kampuni ya Anvil ilianza kazi huko mwaka wa 2007, na mwaka wa 2012 mgodi ukashikwa na kampuni ya MMG. Mawe hupasuliwa na kusagwa, shaba huyeyushwa kwa asidi, halafu hukusanywa kwa nguvu za umeme mpaka iwe mabamba mekundu. Kazi ya namna hii ina vumbi, ina kelele, ina mvuke wa asidi, ina magari makubwa kama nyumba. Mwajiri mwenye kazi kama hii imempasa kujua kama mtu anafaa kuifanya. Na mtu mwenyewe imempasa kujua kazi inaufanyia nini mwili wake.

Maneno yangu hayamlengi mtu fulani wala kliniki fulani. Nataka kusema neno moja: kliniki inayowapokea watu wazima yapasa kuwa na sheria kali kuliko hospitali, wala si hafifu zaidi. Mgonjwa anaikubali hatari ya dawa kwa sababu ugonjwa wenyewe una hatari kubwa zaidi. Mtu mzima hana sababu hiyo. Ukimdhuru, umemnyang'anya kitu alichokuwa nacho, wala hukumpa kitu badala yake. Tena, kuzilinda sheria hizo si kazi ya mganga peke yake. Anayepimwa naye ana haki ya kuuliza.

SINDANO

Mwaka wa 1976, kaskazini mwa nchi yetu, huko Yambuku, palikuwa na hospitali ya misheni ya Wakatoliki. Watu walikuja kutoka mbali, maana dawa zilikuwako. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa nje, kwa akina mama wajawazito, na kwa wale waliolala vitandani. Mtu mmoja akiisha kudungwa, bomba lilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, likatumiwa kwa mwingine. Kisha ukaingia ugonjwa ambao ulimwengu ulikuwa haujaujua. Leo tunauita Ebola. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Kati ya wale walioupata kwa kudungwa sindano tu, hakupona hata mmoja. Kati ya watumishi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa.

Siyasemi hayo ili kuwahukumu watumishi wale. Walikufa wakiwahudumia wenzao. Nayasema kwa sababu sisi watu wa misheni hupenda kudhani kwamba mahali penye moyo mwema ni mahali salama. Moyo mwema hauui vidudu. Vidudu huuawa na mvuke wenye moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, au huepukwa kwa kumtumia kila mtu sindano mpya na kuitupa. Na kama moyo mwema hautoshi, basi kuta nyeupe, vigae vinavyong'aa na viti vya ngozi navyo havitoshi. Kliniki ya wasafiri inaweza kuwa nzuri kama hoteli, na sindano yake ikawa chafu.

Wala mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya zamani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba kwa mwaka wa 2000 peke yake, sindano chafu ziliwapa watu milioni 21 homa ya ini ya aina B, watu milioni 2 ile ya aina C, na watu 260,000 virusi vya Ukimwi. Mwaka wa 2017, huko Sudan Kusini upande wa Kapoeta Mashariki, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Wachunguzi waliona kwamba bomba moja lilitumiwa kwa siku nne, chanjo haikuwekwa penye baridi, na hata watoto wa miaka 12 walikuwa miongoni mwa waliodunga. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mikono.

Basi yafaa ujue mambo ya kutazama. Sindano ifunguliwe katika karatasi yake mbele ya macho yako. Muuguzi anawe mikono. Akiisha kudunga, aitumbukize sindano mara moja katika sanduku gumu, bila kuirudishia kifuniko. Na sanduku lenyewe lisijazwe kupita robo tatu. Ukiambiwa upulize katika chombo cha kupima mapafu, kipande cha kutia mdomoni kiwe kipya, maana jana alipuliza mwingine, nawe hujui kama ana kifua kikuu.

Kabla ya kuchanja, muuguzi akuulize habari zako. Chanjo ya homa ya manjano ina vidudu hai vilivyodhoofishwa. Si ya kumpa kila mtu bila kufikiri. Mwenye mimba, mtoto mchanga, mzee aliyepita miaka 60, mtu ambaye mayai humdhuru, na mtu ambaye nguvu za mwili wake za kupigana na magonjwa zimepungua, wote hawa waulizwe kwanza, na mganga aamue. Baada ya kuchanjwa, ukae hapo kliniki dakika 15 angalau. Mara chache sana mwili wa mtu huikataa chanjo kwa ghafula, pumzi ikabana na moyo ukalegea. Kwa ajili ya mtu huyo dawa ya adrenalini iwe tayari mezani, wala isiwe kabatini ambalo ufunguo wake umekwenda sokoni.

BARIDI

Chanjo nyingi zinataka kukaa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Joto likizidi, hufa. Na ikiisha kufa, rangi yake haibadiliki wala haina harufu mbaya. Mtu aliyedungwa chanjo iliyokufa huondoka akifurahi, akidhani amekingwa. Hakika huyu ni mbaya hali kuliko yule asiyechanjwa, kwa maana asiyechanjwa angalau anajua kwamba hana kinga, naye atajihadhari.

Wengine hudhani baridi kali zaidi ni bora zaidi. Sivyo. Chanjo ya homa ya ini ya aina B na ile ya pepopunda zikiganda kuwa barafu hupoteza nguvu. Kwa hiyo friji ya chanjo si ya kuwekea nyama, wala soda za wafanyakazi, wala si ya kufunguliwa kila mara. Iwe na kipimajoto ndani, na mtu asome kipimajoto hicho mara mbili kila siku na kuandika katika karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hapa kwetu Lubumbashi umeme hukatika mara nyingi. Kliniki isiyo na njia ya pili ya kupata baridi haifai kuweka chanjo, hata kama waganga wake wana digrii za ng'ambo.

Liko jambo unaloweza kuliona kwa macho yako mwenyewe. Vichupa vingi vya chanjo vina duara dogo juu yake, na ndani ya duara mna mraba mweupe. Kadiri kichupa kinavyopata joto, mraba huwa mweusi zaidi. Ukiwa umefanana na duara lake au kulipita kwa weusi, chanjo hiyo si ya kutumiwa tena. Mwombe muuguzi akuonyeshe. Muuguzi mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba mtu anajali.

Hapa pana jaribu kubwa, nalo ni jaribu la fedha. Chanjo ya homa ya manjano mara nyingi huja katika kichupa cha watu watano au kumi. Ni unga mkavu, nao huchanganywa na maji yake ya pekee yaliyotoka kiwandani. Ukiisha kuchanganywa, ni lazima utumike kabla ya saa sita kupita, na unaobaki hutupwa. Sasa, ikiwa jioni amekuja msafiri mmoja tu, mwenye kliniki afanye nini? Akifungua kichupa kwa mtu mmoja, amepata hasara ya watu tisa. Wako watakaoshawishika kukiweka mpaka kesho. Kesho yake watu tisa watalipa fedha yao, na hakuna atakayejua. Kliniki yenye sheria nzuri haimwachii muuguzi ashindane na jaribu hilo peke yake. Huweka siku maalum za chanjo, watu wakusanyike. Kwa hiyo ukiambiwa, «Rudi siku ya Alhamisi,» usinung'unike. Huenda hiyo ndiyo alama ya kwamba mahali hapo wanaogopa kukudanganya.

KARATASI

Karatasi ya manjano ina historia ya heshima. Chanjo yake ilipatikana mwaka wa 1937 kwa kazi ya Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1951. Ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wasafiri na mabaharia ukapata kizuizi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa sheria ya mataifa yote, cheti cha chanjo hii kinafaa kwa maisha yote ya mtu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba cheti chako kimekufa kwa sababu miaka kumi imepita, hasemi kweli. Tena cheti huanza kufaa siku 10 baada ya kuchanjwa. Mwenye safari ya kesho asije leo.

Lakini wako wauzao karatasi bila sindano. Mtu hutoa fedha, hupigiwa muhuri, huenda zake. Huona amepata faida: hakuumia mkono, hakukaa msitarini. Mnunuzi huyo na muuzaji wake wote wawili wamefanya jambo ambalo laweza kuua, nami sioni sababu ya kulipa jina dogo.

Fikirini mambo ya mwaka wa 2016. Homa ya manjano iliwaka Angola, ikavuka mpaka ikaingia Kongo. Wafanyakazi 11 wa Kichina waliokuwa Angola waliuchukua ugonjwa katika damu zao mpaka China, nchi ambayo haikuwa imeujua. Chanjo ikawa haba ulimwenguni. Mwezi wa Agosti mjini Kinshasa, zaidi ya watu milioni 7 walichanjwa kwa kipimo kilichogawanywa, kila mtu akapata sehemu moja ya tano tu, ili itoshe wengi. Watu walisimama juani kwa ajili ya tone hilo dogo. Na wakati huo huo mtu mwenye karatasi ya uongo anaweza kupanda ndege bila kusimamishwa na askari wa mpakani, kwa sababu askari husoma muhuri, hasomi damu. Mbu hawasomi muhuri.

MAPAFU NI YA NANI?

Nafika sasa kwenye jambo gumu kuliko yote. Sindano na baridi ni mambo ya mikono. Hili ni la ukweli.

Mfanyakazi anapopimwa, analipa nani? Kwa kawaida hulipa kampuni. Basi mganga anamtumikia nani? Hapo ndipo neno «kujitegemea» linapopimwa. Kliniki inaweza kuwa na nyumba yake na jina lake, na bado isijitegemee, kama mganga anaandika kile tu ambacho mlipaji anapenda kusoma.

Katanga imezoea kupima wafanyakazi tangu siku za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906. Upimaji wa siku zile ulikuwa kwa faida ya kazi kwanza: nani ana nguvu, nani hana. Mwaka wa 1985 mkutano wa Shirika la Kazi Ulimwenguni ulitoa Mapatano nambari 161 juu ya huduma za afya kazini. Yanasema kwamba waganga wa kazi wawe huru kabisa katika hukumu ya ujuzi wao, wasiamriwe na mwajiri wala na wafanyakazi. Yanasema tena kwamba upimaji usimgharimu mfanyakazi fedha wala mshahara wake, na kwamba mganga wa kazi asifanywe mpelelezi wa kuchungua sababu za mtu kutofika kazini. Hiki ni kipimo chema, na kampuni ye yote yaweza kujipima nacho bila kungoja kusukumwa.

Chukueni mfano wa vumbi la mawe. Mawe mengi yana kitu kiitwacho silika. Yakipasuliwa, hutoa vumbi ambalo jicho halilioni, nalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Kwa kawaida huja polepole, baada ya miaka kumi au zaidi. Hauna dawa ya kuuondoa. Huweza kuendelea hata mtu akiisha kuacha kazi, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Wataalamu wa mataifa mengi walikutana Johannesburg mwaka wa 1930 kwa ajili ya ugonjwa huo tu. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

Sasa mtu aanzaye kazi yenye vumbi yapasa apigwe picha ya mapafu kabla ya kuanza, na tena baada ya muda, na tena siku anapoondoka. Picha ya kwanza ndiyo shahidi. Bila hiyo, baada ya miaka 15 kampuni itasema alikuja na ugonjwa wake, naye atasema aliupata pale, na hakuna wa kuamua. Watazameni wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini. Baada ya mashtaka ya miaka mingi, mahakama ya Johannesburg mwaka wa 2019 ilikubali mapatano ya kampuni sita kutoa randi bilioni 5 hivi kwa waliopata silikosi au kifua kikuu cha mgodini, hata kwa watu waliofanya kazi tangu mwaka wa 1965. Wengi wao walikwisha kurudi kwao Lesotho na Msumbiji. Aliye na karatasi za kazi na picha za mapafu ana la kuonyesha. Asiye nazo ana kikohozi tu.

Na masikio ni vivyo hivyo. Kelele ya decibeli 85 kwa saa nane kila siku huharibu usikivu kidogo kidogo, wala haurudi. Kama masikio hayakupimwa siku ya kwanza, hasara haiwezi kuhesabiwa.

Juu ya siri nasema hivi. Mwajiri ana haki ya kujua neno moja: mtu huyu anafaa kazi hii, au hafai, au anafaa kwa masharti, kama vile asipande juu kwenye ngazi ndefu. Hana haki ya kujua jina la ugonjwa. Majibu ya damu ni ya mwenye damu. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 iliwekwa kuwalinda watu wenye virusi vya Ukimwi, na Shirika la Kazi Ulimwenguni katika shauri lake nambari 200 la mwaka wa 2010 limesema wazi kwamba asitakiwe mtu kupimwa virusi hivyo ili apate kazi. Kliniki inayochukua damu ya mtu na kuipima jambo ambalo hakuambiwa, imemwibia, hata kama ilinawa mikono vizuri.

WENGINE WATASEMA

Wengine watasema: «Mambo haya ni ya matajiri. Sisi tunatafuta kazi. Nikianza kuuliza maswali, nitaitwa mkaidi na mwingine atachukua nafasi yangu.» Neno hilo ni la kweli, wala silicheki. Vijana ni wengi kwenye malango ya migodi, na nafasi ni chache. Kwa hiyo mzigo wa kuuliza usiwekwe juu ya kijana mmoja mwenye njaa. Wajumbe wa wafanyakazi waulize kwa ajili ya wote. Mganga wa serikali wa mtaa aingie na kukagua. Na kampuni inayopeleka watu kliniki iende kwanza kutazama yenyewe, kama mtu anavyokagua ghala kabla ya kuweka mahindi yake.

Huko Uingereza, kwa sheria ya mwaka wa 2008, kliniki zinazojitegemea, hata zile ndogo za wasafiri, hukaguliwa na wakaguzi wa serikali. Wakaguzi hao huuliza maswali matano: Je, mahali hapa ni salama? Kazi yake inafaa? Watumishi wana huruma? Wanawasikiliza watu? Nao wakubwa wanaongoza vema? Kisha majibu hutangazwa wazi, mtu ye yote ayasome kabla ya kuingia. Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha nyingi. Yanahitaji mkaguzi asiyekula rushwa na mlango usiofungwa. Sioni kwa nini Katanga, inayotoa shaba ya kupeleka umeme katika nyumba za ulimwengu, ishindwe nayo.

Wengine tena watasema: «Mganga akisema kweli juu ya mapafu yangu, nitafukuzwa. Afadhali asione.» Hili ndilo linalonitia uchungu zaidi. Watu huficha kikohozi, huazima mkojo wa ndugu yao, humwomba muuguzi aandike namba nyingine. Siwalaumu peke yao. Mahali ambapo ugonjwa ukionekana mtu hutupwa, watu wote watauficha; ni lazima. Basi kipimo cha mwisho cha usalama hakiko katika kliniki tu, bali katika lile linalofuata baada ya kliniki. Mtu mwenye vumbi mapafuni ahamishwe mahali pasipo vumbi, atibiwe kifua kikuu kama anacho, na mahali alipopatia vumbi pamwagiwe maji na mashine zifunikwe. Kampuni inayompima mtu kisha ikamfukuza tu, bila kulitazama vumbi lenyewe, imevunja kipimajoto ili homa isionekane.

MAMBO YA KUULIZA

Haya ndiyo maswali, ndugu msomaji. Yaandike katika karatasi ndogo, umpe na mwanao anayetafuta kazi.

1. Je, sindano hii ni mpya, nami nimeiona ikifunguliwa?

2. Je, friji ya chanjo ina kipimajoto, na joto la leo limeandikwa?

3. Kichupa hiki kimefunguliwa saa ngapi?

4. Nikiona pumzi inabana baada ya chanjo, mna dawa gani hapa?

5. Damu yangu mtaipima mambo gani, na nani atayasoma majibu?

6. Nitapewa nakala ya picha ya mapafu yangu na majibu yangu?

Kliniki njema itajibu maswali sita haya kwa muda usiopita dakika tano. Kliniki isiyotaka kujibu imekwisha kujibu.

Tena neno kwa akina mama, maana ninyi ndio watunzaji wa nyumba. Picha ya mapafu ya mume wako, karatasi yake ya manjano, na cheti chake cha siku ya kwanza ya kazi, msiviache chini ya godoro wala juu ya paa ambapo mvua huvuja. Vitieni katika bahasha ngumu, pamoja na hati za ndoa na za kuzaliwa watoto. Mwambieni na mtoto mkubwa mahali vilipo. Huenda miaka 20 ikapita kabla mtu hajavihitaji, na siku hiyo mwenye navyo huenda hana tena pumzi ya kueleza.